Dawa ya Panya

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, Daktari alisukuma mlango wa chumba cha panya pale maabara akamkuta mtunza panya ameketi sakafuni, mgongo kauegemeza ukutani, miguu kainyoosha kama mtu anayepumzisha magoti. Macho yalikuwa wazi. Kwenye mapaja yake palikuwa na kizimba cha plastiki, na ndani yake panya weupe watano walikuwa wakikimbizana juu ya unga wa mbao, hawana habari. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kando ya chupa ndogo ya kahawia iliyobakiwa na tone la kimiminika cheusi.

Daktari alimwita mara mbili kwa jina la utani walilomwita wote, Babu Mkia. Mara ya tatu hakuita tena. Alirudi nyuma, akafunga mlango taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu, akapiga simu kituoni.

Polisi walifika saa nne kasoro robo. Aliyetangulia kuingia alikuwa sajenti, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini hata waliosimama mbele yake wakalazimika kuinama kidogo ili wamsikie. Wenzake kituoni walimwita Polepole, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Hakugusa kitu. Alisimama katikati ya chumba akaandika alichokiona: rafu tatu za vizimba, harufu ya mkojo wa panya, dirisha moja lenye wavu, maiti isiyo na jeraha, matapishi kidogo kwenye kola. Chupa haikuwa na kibandiko. Shingoni ilikuwa imevishwa mipira miwili, ile myembamba ya kufungia vifurushi. Hilo nalo aliliandika.

Mfukoni mwa koti la marehemu palitoka kijidaftari kilichokunjamana. Ndani hamkuwa na maneno, ila namba za vizimba, tarehe, na vijiti vilivyochorwa kwa kalamu ya risasi, vinne vinne, vitano vitano. Sajenti alikitia kwenye bahasha.

Chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta, kilikuwa cha kusomea slaidi, vile vioo vyembamba vinavyopakwa damu. Humo alikuwamo mwanamke mtu mzima aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, anayeitwa Mama Jicho. Alikuwa msomaji wa slaidi kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu kimelea alichokiona yeye hakuna aliyewahi kukikanusha. Alikuwa amelia. Hata hivyo aliwamiminia chai, akishika kikombe kwa namna yake, ncha ya kidole ikiwa ndani ya ukingo, na chai ilipogusa kidole akaacha kumimina.

“Samahani, afande, sina sukari,” alisema. “Aliyekuwa analeta sukari ni yeye.”

Daktari ndiye aliyeeleza kazi yao, akitembea huku na huku. Kuna tunda la porini, chungu kama nyongo, wanalikausha, wanalisaga, wanaliloweka na kulichuja. Panya wanachomwa sindano ya damu yenye malaria ya panya. Kisha wanagawanywa: wengine wananyweshwa maji matupu, wengine klorokwini, ambayo wanajua inatibu malaria hiyo, na wengine dawa ya tunda, kidogo, wastani au nyingi. Siku ya tano kila panya anakatwa ncha ya mkia, tone la damu linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na Mama Jicho anahesabu vimelea. Baada ya hapo panya wanaangaliwa mwezi mzima, nani kabaki na nani kafa. Panya walionyweshwa dawa nyingi, wa kizimba namba tano, walikuwa wamepona wote. Majaribio matatu mfululizo. Ijumaa hiyo hiyo, saa tano, kulikuwa na kikao cha kutia saini ili dawa ianze kujaribiwa kwa watu.

Sajenti aliuliza kuhusu mipira. Daktari alisema huo ulikuwa utaratibu wa maabara tangu mwaka jana, maana vibandiko vinabanduka kwenye friji. Mpira mmoja ni maji, miwili ni dawa ya tunda, mitatu ni klorokwini. Marehemu alikuwa anakunywa hiyo dawa ya tunda, alikiri, na kila mtu alimcheka. Alikuwa anasema inamfungulia tumbo.

“Na wewe ulifika kazini saa ngapi, Daktari?”

“Saa tatu. Saa tatu kamili.”

Sajenti aliandika saa tatu kamili.

Ilipofika saa nane mchana kesi ilikuwa imekwisha, kwa maoni ya mkuu wa kituo. Koplo alikuwa amekwenda nyumbani kwa marehemu, nyumba ya vyumba viwili aliyokaa na binti yake na wajukuu pacha wa miaka minne. Jirani, mama mmoja aliyetenganishwa nao na ukuta wa matofali membamba, alieleza bila kusita. Alhamisi jioni, kama saa mbili hivi, baba na binti walikuwa wanagombana, na alimsikia binti akisema kwa sauti: “Kunywa, endelea kunywa hiyo dawa ya panya, ikuue tupumzike.” Koplo akapekua jikoni, na juu ya kabati akakuta pakiti ya sumu ya panya iliyofunguliwa.

Binti huyo, Mama Pacha, alikamatwa akiwa kazini. Pacha wakabaki kwa jirani yule yule.

Sajenti alimkuta mahabusu ameketi kwenye sakafu ya saruji, sare ya kazi bado mwilini. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliulizwa kama aliyasema maneno hayo, akasema aliyasema.

“Ila dawa ya panya siyo hiyo mnayoidhani,” alisema. “Ni dawa wanayopewa panya. Kazini kwao ndivyo wanavyoiita. Baba alikuwa anarudi nayo kila Ijumaa, kachupa kamoja, anasema amewekewa. Mimi sikuitaka nyumbani. Nina watoto wanaokunywa kila wanachokikuta.”

“Amewekewa na nani?”

“Hakusema. Amewekewa tu.”

“Na ile pakiti ya jikoni?”

“Ile ni ya panya wetu sisi, afande. Panya wa bure, hawana mshahara wala daktari.”

Alitabasamu kidogo, kisha uso ukaporomoka. Akauliza kama ni kweli kaka zake wameshapanga mazishi. Sajenti alisema ni kweli, Jumapili saa kumi. Mama Pacha hakuomba dhamana, hakuomba wakili. Aliomba jambo moja, atoke kabla ya hiyo saa kumi. Yeye ndiye aliyekaa na baba yake miaka yote hiyo, kaka zake wamekuja na suti tu, hawajui hata anapenda kulalia upande gani.

Sajenti hakuahidi kitu. Alikwenda kwa mkuu wa kituo akamwambia kwamba neno moja lilikuwa limebeba maana mbili, na koplo ameokota ile isiyokusudiwa. Mkuu alicheka. Alisema asubiri mkemia, na kama mkemia hatakuta sumu ya panya, watazungumza.

Mkemia alileta majibu Jumamosi saa nne asubuhi. Hakukuta sumu ya panya. Alikuta klorokwini, imechanganywa na dawa ya tunda, tumboni na kwenye chupa, kwa wingi ambao moyo wa mtu hauwezi kuhimili. Uchungu wa tunda ulikuwa umeuficha uchungu wa klorokwini. Marehemu alimeza kama alivyozoea, bila kuhisi tofauti.

Sajenti alishusha pumzi. Mkuu wa kituo naye alishusha pumzi, ila kwa sababu nyingine.

“Binti anafanya kazi wapi?” aliuliza.

“Duka la dawa, afande.”

“Basi, Polepole. Unataka nikuandikie kwa chaki ubaoni?”

Aliongeza kwamba chupa ilikuwa inakwenda nyumbani na kurudi, marehemu mwenyewe alilala nayo chumba kimoja, na aliyemwombea kifo alikuwa na rafu nzima ya vidonge mbele yake kutwa. Jumatatu saa tatu binti angefikishwa mahakamani. Kuhusu mazishi, mtuhumiwa wa mauaji hapelekwi kumzika aliyemuua. Sajenti alisema sawa, afande, akachukua daftari lake akatoka.

Hakuwa na haraka, lakini alikuwa na saa thelathini.

Alianzia getini. Mlinzi wa maabara alikuwa mtu wa kujisikia, na alichojisikia zaidi ni daftari lake. Kila aingiaye au atokaye na chombo chochote anaandikwa, kwa sababu miaka ya nyuma vifaa vilikuwa vinaota miguu. Sajenti alisoma ukurasa wa Ijumaa akifuata mistari kwa kidole. Babu Mkia, saa kumi na mbili na dakika arobaini, mfuko mmoja, sukari nusu kilo, chupa ndogo ya kahawia moja, tupu. Chini yake, saa mbili na dakika tano, jina la Daktari.

“Hapa umeandika tupu,” Sajenti alisema.

“Nikiandika tupu ni tupu, dada yangu. Nilifungua, nikanusa. Kila Ijumaa anaingia na tupu, anatoka na iliyojaa. Nilimwambia siku moja utaota mkia.”

Kama chupa iliingia tupu, sumu haikutoka nyumbani. Lakini daftari peke yake lisingemtosha mkuu wa kituo. Sajenti aliingia ndani, akapita chumba hadi chumba akitafuta chupa moja ndogo, na aliikuta kwenye karo la kuoshea vyombo vya panya, nyuma ya ndoo, bado haijaoshwa. Ilikuwa na ukubwa ule ule na rangi ile ile ya ile iliyokutwa kando ya marehemu. Haikuwa na mpira hata mmoja. Ubavuni ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino: DAWA YA PANYA. MTOTO ASIGUSE.

Chupa zilikuwa mbili. Marehemu aliacha ya nyumbani karoni, akachukua ile iliyomsubiri, yenye mipira miwili, akainywa papo hapo, maana nyumbani ilishakatazwa. Mtu wa humu ndani ndiye aliyemwekea.

Mkuu wa kituo alisikiliza habari hiyo kwenye simu mpaka mwisho. Kisha akasema basi ni yule Daktari, kamata, na binti atatoka karatasi zikiwa tayari. Sajenti aliuliza karatasi zitakuwa tayari lini. Mkuu akasema mtuhumiwa mmoja haachiwi mpaka wa pili akabidhiwe, ndivyo kazi inavyokwenda.

Kila kitu kilimwelekea Daktari, hilo Sajenti alilikubali. Aliketi naye ofisini saa tisa alasiri, akaweka mezani kijidaftari cha marehemu kando ya daftari kubwa la majaribio. Kwenye daftari kubwa, panya wa kizimba namba tano walikuwa hai wote mpaka siku ya ishirini na nane. Kwenye kijidaftari, vijiti vitano vilikuwa vimekatwa mstari kabla ya siku ya kumi. Majaribio matatu, hali ile ile.

Daktari alizitazama kurasa hizo moja baada ya nyingine. Alisema haiwezekani. Vifo vyote vinaripotiwa kwa Mama Jicho, naye anaviandika, yeye anatia saini tu. Aliongeza kwamba Babu Mkia alikuwa mtu mzima, huenda alikuwa anachanganya vizimba.

“Ulisema ulifika saa tatu,” Sajenti alisema. “Mlinzi amekuandika saa mbili na dakika tano.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Kisha akaeleza kwa sauti iliyopungua. Alikuwa hapa hapa ofisini, anapanga maneno ya kikao. Kama saa mbili na nusu alisikia kitu kinagonga ukuta wa chumba cha panya, mara tatu hivi, kama kizimba kinachosuguliwa. Alisema moyoni, Mzee anafanya usafi. Akaendelea kuandika.

“Ukuta huu,” alisema, akaugusa kwa kiganja. “Ningesimama tu.”

Sajenti alimtazama. Amewahi kuwaona watu wakidanganya kwa machozi, na amewahi kuwaona wakisema kweli kwa jeuri, kwa hiyo hakuhukumu. Alimuuliza swali moja dogo. Nani alibuni ule utaratibu wa mipira?

“Mama Jicho. Mwaka jana. Mimi niliona ni usumbufu, kusema kweli. Chupa zina maandishi makubwa.”

“Ulisema vibandiko vinabanduka.”

“Yeye ndiye aliyesema. Sijawahi kukuta kimebanduka.”

Sajenti aliomba sanduku la slaidi za majaribio yote matatu, akalitilia saini, akatoka nalo limekumbatiwa kifuani.

Jumapili saa mbili asubuhi alikuwa hospitali ya wilaya, kwenye maabara yenye foleni ya akina mama na watoto wenye homa. Fundi wa pale, kijana mwenye vipele vya ndevu na mdomo usiotulia, alimpa kiti na kumwambia asubiri, wagonjwa kwanza. Sajenti alisubiri saa nzima. Alipofikiwa, kijana alichukua slaidi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku.

“Hii haijasomwa,” alisema.

Akachukua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote vilevile. Alieleza kwamba kimelea cha malaria huwezi kukiona mpaka uweke tone la mafuta kwenye slaidi na kushusha lenzi kubwa iguse mafuta. Hata ukifuta, mafuta yanaacha alama, na rangi inachubuka. Hizi zilikuwa kavu, safi, na zimetiwa rangi na mkono hodari. Aliyezitayarisha alikuwa bingwa, ila hakuna aliyezitazama.

Kisha akazisoma chache, akihesabu kwa kubonyeza kidude mezani, na utani ukamwisha. Panya wa kizimba namba tano, wale waliopona, kila mmoja alikuwa na vimelea tele kwenye damu, sawasawa na wale walionyweshwa maji.

“Afande, hawa hawakupona hata kidogo. Nani ameandika wamepona?”

Sajenti alikuwa anaifikiria ncha ya kidole ndani ya kikombe. Alikuwa anafikiria mipira ambayo mtu anaweza kuihesabu bila kutazama, mmoja, miwili, mitatu. Aliuliza kama kuna jambo kwenye hadubini ambalo mtu mwenye macho hawezi kukosa kuliona, hata akiwa na majonzi, hata akiwa amechoka. Kijana alifikiri, akasema lipo. Slaidi ikiwekwa kifudifudi, upande wenye damu ukawa chini, lenzi kubwa haifiki. Huoni kitu, ukungu mtupu. Mwanafunzi wa wiki mbili anapiga kelele kwamba slaidi imegeuzwa.

Saa sita na nusu mchana walikuwa wanne kwenye chumba cha slaidi. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni na pingu mfukoni, macho kwa Daktari. Daktari aliketi pembeni. Mama Jicho alikaa kwenye kiti chake, mgongo wima, mikono mapajani. Saa ya ukutani ilisikika.

Sajenti alisema kwa upole kwamba kuna mgogoro wa hesabu kati ya madaftari mawili, na anaomba msaada wa mtu anayejua. Hadubini ilikuwa imewashwa, mafuta yamewekwa, slaidi tayari iko mahali pake. Je, Mama angewasomea moja tu?

Mama Jicho alivuta kiti. Aliinamisha macho, mkono wa kushoto ukaenda kwenye kirungu cha kuzungushia moja kwa moja, bila kupapasa, mkono wa miaka thelathini na mmoja. Akazungusha taratibu. Akakaa hivyo dakika nzima, midomo ikihesabu.

“Kizimba gani hiki?” aliuliza.

“Namba tano.”

Akazungusha tena kidogo.

“Vimelea viwili kwa chembe mia,” alisema. “Vichache sana. Dawa imefanya kazi.”

Daktari alisimama akaja kuinama kwenye hadubini. Aliinuka haraka, akamtazama Mama Jicho, akamtazama Sajenti.

“Slaidi iko kifudifudi,” alisema. “Hakuna kinachoonekana hapa.”

Mama Jicho alibaki ameinama palepale, macho kwenye hadubini, kama akiinuka itakuwa kweli.

“Ni tangu lini, Mama?” Sajenti aliuliza.

“Presha ya macho,” alisema hatimaye, bila kuinuka. “Mwaka mmoja na miezi minane. Daktari wa macho aliniambia mshipa umekufa, hakuna miwani. Nakuona umbo lako, afande. Uso wako siuoni. Sijawahi kuuona tangu ulipokuja juzi.”

Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama anayesoma ripoti. Mwanzo aliandika namba kwa kukisia, akitegemea kwamba dawa nyingi ingekuwa na vimelea vichache. Daktari alifurahi. Jaribio la pili asingeweza tena kurudi nyuma. Vifo vya panya alivyoripotiwa hakuviandika. Babu Mkia hakujua kusoma daftari kubwa, lakini alijua kuhesabu panya, na wiki iliyopita alimwomba mlinzi amsomee bango la kikao lililobandikwa mlangoni: kizimba namba tano, wamepona wote. Jumatano mchana alimjia hapa hapa, akafunga mlango.

“Alikutisha?” mkuu wa kituo aliuliza.

Hapo ndipo Mama Jicho alipoinuka.

“Angenitisha ningevumilia. Angenitukana ningemjibu. Aliniambia pole. Alikaa hapo akasema, dada, pole sana, nimeona unavyopapasa milango. Akasema hiyo dawa itawaua watu wenye homa wakidhani wametibiwa. Nenda kaseme mwenyewe kabla ya kikao cha Ijumaa. Ukiogopa, mimi nitakushika mkono twende wote.” “Anishike mkono. Mimi. Niingizwe kwa Daktari nimeshikwa mkono kama kipofu wa kuomba.”

“Ulikuwa kipofu, Mama.”

“Nilikuwa Jicho.”

Alhamisi saa kumi na moja jioni, wenzake walipoondoka, alikwenda kwenye friji kama alivyofanya kila wiki kumwekea mwenzake mabaki ya dawa. Alimimina mabaki hayo, kisha akashika chupa ya mipira mitatu, akaongezea. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alipomaliza akavisha chupa ndogo mipira miwili, kwa mazoea tu, kama alivyofanya kwa kila chupa ya dawa ya tunda.

Daktari alikuwa amejishika kichwa. Alisema, si kwa mtu yeyote, kwamba watu mia mbili walikuwa wameshajiandikisha kuinywa ile dawa. Mama Jicho aligeukia sauti hiyo.

“Na wewe hukuwahi kuinama ukatazama hata slaidi moja,” alisema. “Ungetazama mara moja tu, Babu Mkia angekuwa hai.”

Mkuu wa kituo alitoa pingu. Mama Jicho alinyoosha mikono mbele, lakini si mahali mkuu aliposimama, pembeni kidogo. Sajenti ndiye aliyemshika kiwiko na kumgeuza.

Karatasi za kumwachia Mama Pacha zilichukua muda. Muhuri ulikuwa kwenye droo, ufunguo wa droo ulikuwa kwa karani, karani alikuwa kwake amelala mchana. Sajenti alikwenda kumwamsha mwenyewe. Ilipogonga saa kumi kasoro dakika tano ndipo mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, na Mama Pacha akatoka na sare ile ile ya Ijumaa, viatu mkononi, akaingia kwenye gari la polisi bila kuuliza wala kushukuru.

Njiani Sajenti alimweleza, kwa maneno machache, nani na kwa nini. Mama Pacha alimsikiliza akitazama nje. Alipoambiwa kwamba baba yake alikuwa ametaka kumshika mkono yule mama, alifumba macho, akayafumbua, akasema ndivyo alivyokuwa.

Walifika saa kumi na dakika ishirini na tano. Jeneza lilikuwa limeshashuka na udongo umefika nusu ya shimo. Watu waliliona gari la polisi, wakapisha njia bila kuambiwa. Mama Pacha alitembea peku katikati yao mpaka ukingoni, akasimama. Kaka yake mkubwa, ndani ya suti, alisogea kando.

Jirani alitoka kwenye kundi la wanawake, pacha mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Watoto walimwona mama yao, wa mgongoni akateremka, wakamkimbilia, wakamng'ang'ania miguuni, na jirani akabaki mikono mitupu.

“Nisamehe, mama watoto,” alisema. “Nilisikia vibaya. Ukuta ule, mtu anasikia vibaya.”

Mama Pacha alichukua beleshi kutoka kwa mchimbaji aliyekuwa karibu naye.

“Hukusikia vibaya,” alisema. “Nilisema hivyo hivyo.”

Akachota udongo, akaumwaga.